Mguu wa panya na goti la mama

*"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 64 na magoti yanamsumbua mwaka wa tatu sasa. Anameza diklofenaki anayonunua duka la dawa, karibu kila siku. Pia ana presha, anatumia losatani na kidonge cha kukojoza maji. Mwezi uliopita jirani alimletea unga wa majani ya mwarobaini uliochanganywa na manjano, kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya moto asubuhi na jioni. Ndani ya pakiti kuna karatasi inayosema dondoo la majani hayo lilijaribiwa maabara kwa panya, likapunguza uvimbe wa mguu kwa kiwango kinachokaribia diklofenaki, tena likaonekana salama. Mama amefurahi, anataka kuacha vidonge. Kaka yangu anasema mambo ya panya ni ya panya, tutupe pakiti. Mimi nimekwama katikati. Hilo jaribio linathibitisha nini hasa? Na mama aache vidonge au asiache?"*

Marahaba, ndugu yangu, na mama mfikishie shikamoo yangu.

Nianze na la haraka. Mama asiache diklofenaki kwa imani kwamba karatasi ile imethibitisha unga unaweza kushika nafasi yake. Lakini pia asiendelee kumeza diklofenaki kila siku, juu ya losatani na kidonge cha kukojoza, bila daktari kumpima figo. Ningekuwa jirani yenu ningemsindikiza kituo cha afya wiki hii hii, pakiti ya unga ikiwa mkononi. Sababu zake nitazieleza, ila kwanza tumalizane na panya, maana ndiko mnakovutana.

Mama anaona karatasi imethibitisha kuwa unga ni sawa na kidonge. Kaka anaona haijathibitisha kitu. Nimefanya majaribio ya namna hiyo kwa miaka mingi, na wote wawili wanayaonea. Jaribio lile liliuliza swali moja dogo, na huenda lilipata jibu zuri. Tatizo ni kwamba swali lenyewe halikuwa la goti la mama.

Tuanzie kwenye uvimbe. Ukichomwa na mwiba, chembe za mwili zilizoumia huachia kemikali zinazoita msaada. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuanza kuvujisha maji, chembe nyeupe za damu humiminika, mahali pale panapata joto, panakuwa pekundu, panavimba na kuuma. Hali hiyo yote kwa pamoja ndiyo mchochota. Ni ulinzi wa mwili, na bila huo mwiba mdogo ungeweza kutuua. Mchochota huwa ugonjwa pale unapowaka pasipohitajika au unapokataa kuzima.

Kati ya kemikali hizo zimo prostaglandini. Mwaka 1971 John Vane, akiwa London, alionyesha kuwa aspirini na jamaa zake hufanya kazi kwa kuzuia mwili usizitengeneze, na ugunduzi huo ulimpatia sehemu ya tuzo ya Nobel mwaka 1982. Baadaye ikajulikana kuwa kimeng'enya kinachozitengeneza kiko cha aina mbili. Kimoja kinafanya kazi za kila siku, zikiwemo kulinda utando wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Kingine huamka zaidi panapotokea jeraha. Diklofenaki huvibana vyote viwili. Neno figo liweke akilini, nitalirudia.

Sasa jaribio lenyewe. Karatasi inaposema "uvimbe wa mguu", karibu kila mara inazungumzia njia iliyochapishwa na Winter, Risley na Nuss mwaka 1962, ambayo hadi leo ndiyo mlango wa kwanza wa maabara nyingi duniani zinazochunguza mimea. Majani hukaushwa kivulini, husagwa, huloweshwa kwenye kiyeyushi, mara nyingi methanoli au ethanoli, kisha huchujwa na kiyeyushi hufukizwa kikaisha. Ule utope mzito wa kijani unaobaki ndiyo dondoo. Panya weupe hugawanywa kwenye makundi, kwa kawaida sita kila kundi. Kundi la kwanza hupewa maji au kile kilichotumika kukorogea dawa tu, ili tujue mguu ukiachwa wenyewe unavimba kiasi gani. La pili hupewa dawa inayojulikana, kama indomethasini au diklofenaki. Yanayobaki hupewa dondoo kwa dozi zinazopanda, tuseme miligramu 100, 200 na 400 kwa kila kilo ya uzito wa panya.

Baada ya nusu saa au saa moja, kila panya huchomwa sindano chini ya wayo wa mguu wa nyuma, mililita 0.1 ya maji yenye asilimia moja ya karajinani. Mguu unavimba. Kila saa tunauchovya hadi kwenye alama ya wino iliyowekwa kifundoni, ndani ya chombo chenye maji, na tunasoma maji yamepanda kiasi gani. Kazi yote inaisha kwa saa tano au sita.

Hapa wasomaji wa Paje na Jambiani watashtuka kidogo, maana karajinani inatoka kwenye mwani. Mwani mwekundu ambao akina mama wa Zanzibar wamekuwa wakiulima tangu mwaka 1989 husafirishwa nje hasa kwa ajili ya karajinani yake, inayotumika kuzitia uzito aiskrimu na dawa za meno. Inayotumika kwenye mguu wa panya kwa kawaida ni ya aina nyingine, ya mwani wa bahari za baridi, lakini ni ukoo mmoja. Isiwe sababu ya mtu kuogopa mwani mezani. Kitu kinachopita mdomoni na kitu kinachosukumwa chini ya ngozi kwa sindano havina hukumu moja, na jambo hilo litatuhusu tena tukifika kwenye unga wa mama.

Saa zile tano si sawa. Katika saa ya kwanza uvimbe huongozwa zaidi na kemikali ziitwazo histamini na serotonini. Baadaye huingia nyingine, iitwayo kinini. Kuanzia kama saa ya tatu ndipo prostaglandini hushika usukani pamoja na chembe nyeupe za damu, na ndipo dawa za ukoo wa diklofenaki huonyesha nguvu zao. Kwa hiyo mtafiti makini hasemi tu "uvimbe ulipungua". Anasema ulipungua saa ya ngapi. Dondoo linalozuia saa ya kwanza pekee huenda linapigana na histamini, jambo ambalo halina uzito mkubwa kwenye goti la mtu mzima.

Na ile "inakaribia diklofenaki" hupatikana hivi. Tuchukue mfano wa kufundishia. Miguu ya panya waliopewa maji iliongezeka mililita 0.80, ya waliopewa dondoo 0.32, na ya waliopewa diklofenaki 0.28. Dondoo limezuia 0.48 kati ya 0.80, yaani asilimia 60. Diklofenaki imezuia asilimia 65. Ukiandika kwenye karatasi ya pakiti kwamba zimekaribiana, hujadanganya. Ila kama dondoo lilikuwa miligramu 400 kwa kilo na diklofenaki ilikuwa miligramu 10, basi dondoo limefika karibu kwa kutumia mzigo mzito mara arobaini. Si aibu kwa mmea, kwa sababu dondoo ni mchanganyiko wa mamia ya vitu na kidonge ni kitu kimoja kilichosafishwa. Lakini msomaji wa pakiti alistahili kuambiwa.

Sasa nieleze kwa nini jibu la mguu ule halihamishiki moja kwa moja kwenye goti.

Kubwa kuliko yote ni mpangilio wa wakati. Panya alipewa dondoo *kabla* ya kuumizwa. Alikuwa mzima, dawa ikawa tayari damuni, ndipo mchochota ukawashwa, na baada ya saa sita jaribio likafungwa. Mama yako ana miaka mitatu ya goti. Kama ni kusagika kwa gegedu, jambo la kawaida kwa umri wake, basi mfupa, gegedu na utando wa ndani wa goti vimebadilika taratibu, na mchochota ni sehemu moja tu ya maumivu yake. Kuzuia moto usiwake na kujenga upya nyumba iliyokwisha ungua ni kazi mbili. Ndiyo maana kuna majaribio mengine ya muda mrefu. Moja huweka vipande vidogo vya pamba chini ya ngozi ya panya kwa siku saba na kupima nyama inayoota kuvizunguka. Jingine huamsha ugonjwa wa viungo kwa kuchoma bakteria wa kifua kikuu waliouawa, waliokorogwa kwenye mafuta, kisha panya hufuatiliwa wiki tatu au nne. Dondoo lililofaulu kwenye karajinani likafeli huko ni jambo la kawaida kabisa. Na hata hayo ya muda mrefu yanafanana zaidi na baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo, kuliko goti lililosagika kwa umri na uzito.

Jambo la pili ni njia ambayo dawa iliingia mwilini. Watafiti wengine hawamnyweshi panya, humchoma sindano ndani ya tumbo. Hapo kuna mtego ambao wanafunzi wangu huwa nawaonyesha wiki ya kwanza kabisa. Dondoo kali likimwagwa ndani ya tumbo hukwaruza utando wake na kuwasha mchochota mwingine huko huko, mwili unageukia tumbo, na uvimbe wa mguu unakuwa mdogo kuliko ambavyo ungekuwa. Kwenye daftari inasomeka kama dawa imefanya kazi, kumbe panya ana maumivu mawili. Halafu kuna mimea ambayo asidi ya tumbo huiharibu. Mfano wa karibu na kwetu ni ule mzizi maarufu wa jangwa la Kalahari, *Harpagophytum procumbens*, unaovunwa sana Namibia. Katika majaribio yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, dondoo lake la maji lilipunguza uvimbe wa karajinani lilipochomwa tumboni, lakini liliponyweshwa halikufua dafu, na likipitishwa kwanza kwenye asidi nguvu yake ilipotea. Mama anakunywa, hajichomi. Kwa hiyo karatasi isiyosema panya walipewaje dawa imeacha habari muhimu.

La tatu ni kwamba dondoo la maabara na unga wa kijiko si kitu kimoja, ingawa jani ni moja. Methanoli inatoa vitu ambavyo maji ya moto hayavitoi. Kinyume chake pia hutokea, joto huharibu kile unachokitafuta. Hakuna aliyetufundisha hili vizuri kuliko Tu Youyou wa China. Dondoo la pakanga ya Kichina lilikuwa likifanya kazi leo na kugoma kesho dhidi ya malaria ya panya, hadi mwaka 1971 alipoacha kuchemsha akatumia kiyeyushi kiitwacho etha kwenye joto la chini. Dondoo la namna hiyo likasafisha damu ya panya na nyani, na mwaka uliofuata yeye na wenzake walilinywa wenyewe kwanza kuangalia usalama kabla ya kuwapa wagonjwa. Dawa mseto tunazomeza leo kwa malaria zimetoka huko, na yeye alipata Nobel mwaka 2015. Ninapenda kumtaja kwa sababu anamjibu kaka yako pia. Kilianza kwa mmea wa kienyeji na panya, na kimeokoa watoto wengi wa Afrika. Lakini kati ya panya na mtoto kulikuwa na kazi ndefu, na kazi hiyo ndiyo iliyoifanya iwe dawa.

Halafu hesabu ya dozi. Watu huchukua miligramu 400 kwa kilo za panya, wakazidisha kwa kilo 60 za mtu, wakapata gramu 24. Si sahihi. Mwili wa panya unaunguza dawa kwa kasi kuliko wetu, na njia inayokubalika kwa makadirio ya awali ni kugawa dozi ya panya kwa 6.2. Kwa hiyo 400 inakuwa kama 65, na kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 3.9 za dondoo. Kama kila gramu 100 za majani makavu zilitoa gramu 10 za dondoo, basi mtu angehitaji gramu 39 za majani makavu kwa siku. Kijiko cha chai cha unga hakifiki hata gramu 3, na mama anatumia viwili. Nakuomba sana, usiisome hesabu hii kama ruhusa ya kuongeza vijiko. Imetengenezwa kwa ajili ya watafiti kupata pa kuanzia, tena wao huigawa zaidi kwa usalama kabla mtu wa kwanza hajapewa. Nimeiandika ili uone kwamba kile mama anachokunywa hakilingani na kile kilichopimwa, si kwa namna ya kukitoa wala kwa kiasi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo karatasi za pakiti hazilisemi, nalo ni mkono wa anayepima. Nilipokuwa mwanafunzi nilipima miguu ya panya nikijua kundi gani limepewa dawa, na matokeo yalipendeza. Msimamizi wangu akanirudisha maabara, akaziba lebo zote kwa karatasi nyeusi, nikapima upya jaribio jipya. Tofauti ikasinyaa karibu nusu. Sikuwa nimedanganya. Macho yangu yalikuwa yamependelea mguu niliotaka upone. Tangu siku hiyo, ripoti isiyosema kama panya waligawanywa kwa bahati nasibu na kama mpimaji alifichwa makundi naisoma kwa tahadhari.

Nalisema kwa uzito kwa sababu ya panya mwenyewe. Mnyama yule ameumizwa mguu makusudi kwa ajili ya swali letu, na mwisho wa siku huuawa. Tangu mwaka 1959, Russell na Burch walipoweka misingi mitatu ya kumtumia mnyama, yaani kutafuta njia nyingine pale inapowezekana, kupunguza idadi, na kupunguza mateso, kila kamati ya maadili iliyo makini inaniuliza hayo kabla sijagusa panya hata mmoja. Mimi huongeza la nne moyoni mwangu: tusimsingizie jibu ambalo hakulitoa. Kuchapisha "imethibitishwa" kwenye pakiti kwa sababu panya sita walivimba kidogo kwa saa sita ni kumsingizia.

Kuhusu neno "salama" kwenye karatasi, maana yake ya kawaida ni kwamba panya wachache walipewa dozi moja kubwa, mara nyingi miligramu 2000 kwa kilo, wakafuatiliwa siku 14, na hawakufa. Ni habari njema lakini fupi. Ini na figo hazichunguzwi kwa dozi moja. Zinahitaji dozi za kila siku kwa siku 28 au 90, na hata hapo panya hana presha wala hamezi losatani. Dunia ilijifunza hili kwa machungu na rofekoksibu, dawa ya viungo iliyouzwa tangu 1999 kwa jina la Vioxx, iliyopita majaribio ya wanyama na ya watu yaliyotakiwa kabla ya kuuzwa, kisha mwaka 2004 ikaondolewa sokoni kwa sababu ilionekana kuongeza mshtuko wa moyo. Kama dawa iliyochunguzwa kiasi kile iliweza kuficha madhara, unga ambao haujachunguzwa kwa mtu hauwezi kuandikwa "salama" kwa herufi kubwa.

Mwarobaini wenyewe nauheshimu, na jina lake tunalijua sote. Ila huweza kushusha sukari ya damu, kwa hiyo kama mama anatumia dawa za kisukari daktari lazima ajue. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga waliopewa wayanywe, na mjamzito asiutumie kama dawa ya kunywa. Manjano yamepiga hatua zaidi: yapo majaribio ya watu wenye magoti yaliyosagika yaliyoonyesha nafuu ya maumivu, ya kiasi, kwa kutumia kiini chake kilichokolezwa. Ya mboga hayana tatizo. Yaliyokolezwa, hasa yakichanganywa na pilipili manga ili yafyonzwe zaidi, yameripotiwa kuumiza ini kwa watu wachache.

Lakini linalonipa wasiwasi mkubwa zaidi ya mmea ni swali hili: je, mama alipata nafuu haraka sana? Siku hiyo hiyo, au kesho yake? Majani hayafanyi hivyo. Katika nchi nyingi, unga na vidonge "vya asili" vya viungo vimekutwa vimetiwa kisirisiri diklofenaki au deksamethasoni, dawa kali ya kuzima mchochota. Dalili zake ni hamu kubwa ya kula, uso kuwa wa duara, miguu kujaa, presha na sukari kupanda, kisha maumivu kurudi kwa kishindo akikosa dozi siku mbili. Ukiona hayo na ameshatumia kwa wiki kadhaa, usimnyang'anye pakiti ghafla. Mwili uliozoea dawa za jamii ya deksamethasoni ukikatiwa mara moja unaweza kuzimia. Mpeleke hospitali na pakiti yake, daktari ndiye ampunguzie hatua kwa hatua. Kwa Tanzania, dawa za asili zinazouzwa zinapaswa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2002. Tafuta namba ya usajili kwenye pakiti. Jina la mmea bila namba, bila jina la mtengenezaji na bila tarehe, hapo kaka yako ana haki.

Sasa turudi kwenye figo. Losatani hulegeza mishipa upande wa kutokea wa kichujio cha figo. Kidonge cha kukojoza hupunguza maji mwilini. Diklofenaki inabana upande wa kuingilia, kwa kuzinyima figo zile prostaglandini za kila siku nilizozitaja mwanzo. Vitatu kwa pamoja vinaweza kuzikausha figo ndani ya siku chache, hasa mtu akiharisha, akitapika au akifunga huku kuna joto kali. Diklofenaki hiyo hiyo hupandisha presha na kutoboa tumbo polepole. Watu wanashangaa dawa ya duka kufanya haya, lakini kupatikana kwa urahisi hakujawahi kuwa cheti cha usalama. Kwa hiyo hamu ya mama ya kuachana na vidonge si ya kijinga hata kidogo. Ameona kweli tatizo, ila njia aliyoonyeshwa siyo.

Njia zipo. Mwombe daktari kwanza ajue goti linaugua nini. Likikakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa moja, na vidole vya mikono pia vinauma pande zote mbili, huenda ni baridi yabisi, na hiyo ina dawa zake ambazo zikichelewa viungo huharibika. Likivimba ghafla usiku likawa jekundu, huenda ni jongo, na kidonge cha kukojoza kinaweza kuwa kinachangia. Kama ni kusagika kwa kawaida, diklofenaki ya kupaka huingia damuni kidogo sana kuliko ya kumeza na kwa goti hufanya kazi vizuri. Daktari anaweza pia kubadilisha mojawapo ya dawa za presha. Na kuna zoezi ambalo halina pakiti: akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele, akaze paja, ahesabu hadi kumi, aushushe, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Msuli wa paja ukipata nguvu goti linabeba mzigo kidogo, na kilo chache zikipungua linashukuru zaidi. Inachukua wiki sita hadi nane kabla hajaona tofauti, mwambie mapema asije akakata tamaa.

Mtakapokwenda, bebeni vidonge vyote anavyomeza, pakiti ya unga pamoja na ile karatasi, na msifiche kitu kwa kuogopa kugombezwa. Ombeni kipimo cha figo, yaani kreatinini na potasiamu, kipimo cha ini, sukari na presha. Mpaka majibu yatoke, unga uwekwe kando, isipokuwa kama ana zile dalili za dawa iliyofichwa nilizozitaja. Akiwa na maumivu makali katikati, parasetamoli kwa kiwango kilichoandikwa ni bora kuliko kuongeza diklofenaki. Msisubiri miadi kama atapata choo cheusi kama lami, atatapika damu, mkojo utapungua, macho yatakuwa ya njano, au goti litakuwa la moto pamoja na homa. Hayo ni ya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Akishapimwa, niandikie kreatinini yake ilikuwa ngapi na daktari alisema goti lina nini. Tukishajua hayo, swali la mwarobaini tutalirudia kwa utulivu, mama akiwepo.